Tanuu la Chokaa Ndani ya Kompyuta: Kukokotoa Nishati ya Mimenyuko ya Kikemikali kwa Kiswahili

Utangulizi

Dai kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi limerudiwa mara nyingi katika makongamano na majarida ya wanafunzi wa lugha hii. Aghalabu dai hilo hutolewa, hupigiwa makofi, kisha huachwa papo hapo. Wanaolitoa huwa ni wanafunzi wa isimu na fasihi ambao hawajapata kuandika hata ukurasa mmoja wa kemia kwa lugha wanayoitetea, ilhali wale wanaosoma kemia hufanya hivyo kwa Kiingereza na hawaoni sababu ya kujishughulisha na mjadala huo. Matokeo yake ni kuwa orodha za istilahi zipo, ila matini za kuzitumia ni adimu. Istilahi isiyotumiwa katika sentensi haiwezi kujulikana kama inafaa au haifai.

Makala haya yanadhamiria kulijaribu dai lenyewe kwa kufundisha jambo moja la kemia, hatua kwa hatua: namna kompyuta inavyokokotoa nishati inayohusika katika mmenyuko wa kikemikali. Mfano uliochaguliwa ni uchomaji wa chokaa. Sababu ya uchaguzi huu ni nyepesi. Mmenyuko huu una vitu vitatu tu, takwimu zake zimepimwa vizuri, na wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki wameufanya kwa karne nyingi. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na nyumba za mawe za Lamu, zilisimamishwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hata jina la mahali pa kuchomea, yaani tanuu, limo katika lugha tangu zamani.

Jiwe, moto na gesi

Matumbawe ni kalisi kaboneti. Yanapopata joto la kutosha huvunjika na kuwa vitu viwili: kalisi oksidi, ambayo ndiyo chokaa kavu, na gesi ya kaboni dayoksidi ambayo hutoroka hewani. Kwa alama za kikemia:

CaCO3 → CaO + CO2

Kutokana na kilo 1 ya jiwe safi hupatikana takriban gramu 560 za chokaa. Gramu 440 zilizosalia huenda na upepo. Ndiyo sababu jiwe lililoiva vyema huwa jepesi mkononi kuliko lilivyoingia.

Swali la mwanakemia ni hili: je, joto kiasi gani linahitajika, na jiwe huanza kuvunjika katika halijoto gani? Maswali hayo ni mawili wala si moja, na kuyachanganya ndilo kosa la kwanza la wanafunzi wengi. Joto ni nishati, na hupimwa kwa juli. Halijoto ni kiwango cha ujotojoto wa kitu, nayo hupimwa kwa sentigredi au kelvini. Sufuria ya maji yanayochemka na kikombe cha maji yanayochemka vina halijoto sawa, lakini sufuria imebeba joto jingi zaidi. Hapa Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi kidogo na kumtatiza kidogo. Kinamsaidia kwa kuwa neno ‘halijoto’ linasema waziwazi kuwa linahusu hali ya joto, si joto lenyewe. Kinamtatiza kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku mtu husema ‘joto ni digrii 30’ na kila mtu akaelewa.

Hesabu ya kwanza: enthalpi

Kila kampaundi ina thamani inayoitwa enthalpi ya uundaji. Hiki ni kiasi cha nishati kinachopokewa au kutolewa wakati moli 1 ya kampaundi inapoundwa kutokana na elementi zake, kwa kawaida katika kelvini 298.15, yaani sentigredi 25. Jedwali la Ofisi ya Viwango ya Marekani lililochapishwa mwaka 1982 linatoa, kwa kukaribisha, thamani zifuatazo: kalisi kaboneti −1206.9, kalisi oksidi −635.1 na kaboni dayoksidi −393.5, zote kwa kilojuli kwa moli. Alama ya kutoa humaanisha kwamba nishati ilitoka nje kampaundi ilipoundwa.

Enthalpi ya mmenyuko ni jumla ya vinavyopatikana ukiondoa jumla ya vilivyoingia:

(−635.1) + (−393.5) − (−1206.9) = +178.3 kilojuli kwa moli

Jibu ni chanya, kwa hivyo mmenyuko hunywa joto. Ukilieneza kwa uzito, kila kilo 1 ya chokaa inayotoka tanuuni imenyonya takriban megajuli 3.2, mbali na joto la kulipasha jiwe lenyewe na lile linalopotea bure. Yeyote aliyewahi kuliona fungu la magogo linalopangwa chini ya mawe hatashangazwa na tarakimu hiyo.

Kanuni inayoruhusu hesabu hii ni ya Germain Hess, aliyeitangaza mwaka 1840 akiwa Saint Petersburg: mabadiliko ya enthalpi hutegemea mwanzo na mwisho tu, si njia iliyopitwa. Msafiri akitoka Malindi kwenda Mombasa, tofauti ya mwinuko kati ya miji hiyo haibadiliki hata akizunguka kupitia Voi.

Entropi na nishati huru

Enthalpi peke yake haitoshi. Ingetosha, mimenyuko inayonywa joto isingetokea kamwe. Kipimo cha pili ni entropi, ambayo kwa ufupi ni kipimo cha idadi ya namna ambazo chembe za kitu zinaweza kujipanga na kugawana nishati. Mara nyingi vitabu hueleza entropi kuwa ni ‘vurugu’. Maelezo hayo yanavutia lakini yanapotosha, kwa kuwa vurugu ni neno la kulaumu ilhali entropi ni hesabu tu. Gesi ina entropi kubwa kuliko yabisi kwa sababu molekuli zake zina nafasi nyingi mno za kuwa.

Kutoka jedwali lilelile: kalisi oksidi 39.8, kaboni dayoksidi 213.7 na kalisi kaboneti 92.9, kwa juli kwa kelvini kwa moli. Badiliko la entropi ni 39.8 + 213.7 − 92.9 = 160.6. Karibu lote linatokana na ile gesi.

Mmarekani Josiah Willard Gibbs, katika maandishi yake ya kati ya 1876 na 1878, aliviunganisha vipimo hivi viwili. Nishati huru, ambayo leo inaitwa kwa jina lake, ni enthalpi ukiondoa zao la halijoto na entropi. Badiliko lake likiwa hasi, mmenyuko una mwelekeo wa kwenda mbele. Likiwa chanya, hauendi. Likiwa sifuri, pande mbili zimo katika msawazo. Katika kelvini 298.15 hesabu ni 178.3 − (298.15 × 0.1606), yaani takriban +130.4 kilojuli. Ndiyo maana kuta za Lamu haziporomoki na kuwa chokaa kwa jua la Januari.

Halijoto inapopanda, sehemu ya entropi inakua hadi inaishinda enthalpi. Mahali zinapolingana hupatikana kwa kugawanya: 178,300 ÷ 160.6 = kelvini 1,110, yaani takriban sentigredi 837. Mwanafunzi wa shule ya upili hufikia hapa na kupewa alama zake zote.

Kompyuta inapoingia

Tatizo ni kuwa jibu hilo si sahihi. Vipimo vya maabara huiweka halijoto hiyo karibu na sentigredi 900. Kosa haliko katika kanuni ya Gibbs bali katika dhana iliyofichika, kwamba enthalpi na entropi zilizopimwa katika sentigredi 25 zinabaki vilevile hadi ndani ya moto. Hazibaki. Kila kitu kina uwezo wake wa kubeba joto, na uwezo huo hubadilika kadiri halijoto inavyopanda. Kwa mmenyuko huu tofauti ya uwezo wa kubeba joto kati ya vinavyopatikana na kilichoingia ni ndogo sana mwanzoni, takriban −2 juli kwa kelvini kwa moli, lakini ifikapo kelvini 1,000 huwa imekaribia −16. Kupuuza tofauti hiyo ni kama kukadiria nauli ya Kisumu kwa kutazama bei ya kituo cha kwanza.

Ili kurekebisha, lazima tofauti ndogondogo zijumlishwe kwa kila kipande cha halijoto kutoka 298 hadi zaidi ya 1,100. Kazi hii inawezekana kwa kalamu, ila inachosha na inakaribisha makosa. Hapa ndipo programu ya kompyuta hupata maana yake. Haina elimu yoyote ya siri, ina subira.

Programu hizi huhifadhi takwimu za kila kitu katika umbo la mlinganyo mfupi. Mtindo ulioenea sana ni ule wa shirika la NASA la Marekani, ambapo kila kitu hupewa vizigeu 7 kwa kila masafa ya halijoto: 5 vya uwezo wa kubeba joto, 1 cha enthalpi na 1 cha entropi. Kwa kawaida masafa huwa mawili, nayo hukutana kwenye kelvini 1,000. Baadaye ulikuja mtindo wa vizigeu 9, na mkusanyo uliochapishwa mwaka 2002 ulijumuisha vitu zaidi ya 2,000. NASA haikufanya hivyo kwa kupenda chokaa. Shabaha ilikuwa roketi, kama ilivyokuwa kwa majedwali ya JANAF yaliyoanza kutayarishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa mmenyuko mmoja kama huu, programu hujumlisha, hukokotoa nishati huru katika kila halijoto, kisha hutafuta mahali inapogeuka kuwa sifuri. Mwanafunzi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa lahajedwali la kawaida. Marekebisho hayo yakitiwa, 837 inapanda hadi takriban sentigredi 880.

Kwa mchanganyiko wenye vitu vingi, mathalani moshi wenye gesi kumi zinazogeukana, njia hubadilika. Badala ya kuandika kila mmenyuko, programu huambiwa ni elementi zipi zilizopo na kwa kiasi gani, kisha hutafuta mgao wa kampaundi ambao jumla yake ya nishati huru ni ndogo kuliko migao mingine yote. Ni sawa na maji yaliyomwagwa mlimani, ambayo hayahitaji ramani ili kulipata bonde. Mwaka 1958 White, Johnson na Dantzig walichapisha namna ya kuifanya kazi hiyo kwa mashine za hesabu za wakati huo. Programu ya Gordon na McBride ya NASA, pamoja na zile zinazotumiwa viwandani kama FactSage, HSC Chemistry na Thermo-Calc, zinasimama juu ya wazo hilo la kupunguza nishati huru. Ipo pia Cantera, ambayo hutolewa bila malipo na ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma.

Majedwali mawili, majibu mawili

Wengi huamini kuwa kinachotoka kwenye kompyuta ni ukweli usiopingika. Chokaa inaonyesha vinginevyo. Jedwali la 1982 huipa kalisi oksidi entropi ya 39.8. Mkusanyo wa kamati ya kimataifa ya CODATA, uliochapishwa mwaka 1989, huipa 38.1, na enthalpi ya −634.9. Tofauti inaonekana kuwa ya kupuuzwa. Lakini ukizitumia thamani za CODATA kwa kalisi oksidi na gesi, ukaiacha ile ya jiwe ilivyo, halijoto ya msawazo hupanda kutoka takriban 880 hadi takriban 894. Programu ileile, swali lilelile, na majibu mawili yanayotofautiana kwa sentigredi 14.

Fauka ya hayo, mkusanyo wa CODATA hauna kalisi kaboneti, ndiyo sababu ya kuchanganya huku. Kuchanganya majedwali ni jambo la hatari kwa kuwa kila jedwali lilisawazishwa ndani kwa ndani na waliolitunga. Anayechukua neno moja kutoka kamusi hii na maana yake kutoka kamusi nyingine atalielewa tatizo hilo bila kuhitaji kemia. Ripoti yoyote inayotoa tarakimu bila kutaja jedwali haijakamilika, hata iwe imechapwa kwa rangi.

Upepo wa tanuu

Halijoto iliyotajwa hadi sasa ni ile ambayo shinikizo la kaboni dayoksidi hufikia atmosfia 1, yaani gesi hiyo peke yake imelizunguka jiwe. Tanuu la wazi la pwani halina hali hiyo. Upepo hupenya kati ya magogo na mawe na kuiondoa gesi kila inapozaliwa. Programu ikiulizwa swali kwa shinikizo la atmosfia 0.2 la gesi hiyo, huleta takriban sentigredi 795, pungufu ya zile za awali kwa karibu 100. Katika hewa ya kawaida, ambayo kaboni dayoksidi yake ni takriban asilimia 0.04, mwelekeo wa kuvunjika huanza chini zaidi, katika jirani ya sentigredi 520.

Kwa hivyo kuliacha tanuu wazi si ukosefu wa maarifa ya kulifunika. Ni gharama upande mmoja, kwa kuwa joto jingi hupotea, na ni faida upande wa pili, kwa kuwa gesi haibaki kulizuia jiwe lisivunjike.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo programu ya namna hii hailijui hata kidogo, nalo ni muda. Nishati huru husema mmenyuko unaelekea wapi. Haisemi utafika lini. Jiwe kubwa linaweza kuwa limeiva nje na bichi ndani, maana joto halijapenya hadi kiini. Nalo jiwe lililounguzwa kupita kiasi hutoa chokaa nzito inayochelewa kukubali maji. Mambo hayo mchomaji huyajua kwa kutazama rangi, kwa kuhesabu saa na kwa kuyachagua mawe ya ukubwa unaolingana kabla ya kuwasha. Hakuna kizigeu hata kimoja kati ya vile 7 kinachoyahifadhi.

Makosa ya mtumiaji

Kosa linalotokea zaidi ni la vipimo. Enthalpi huandikwa kwa kilojuli na entropi kwa juli. Anayegawanya 178.3 kwa 160.6 bila kubadilisha atapata kelvini 1.1, baridi kuliko mahali popote pa asili duniani, na kompyuta itamchapishia jibu hilo bila kusita wala kutahayari.

Kosa la pili ni la kuacha vitu. Programu inayopunguza nishati huru huchagua miongoni mwa vitu ilivyotajiwa tu. Ikiwa mvuke wa maji umo katika moshi na mtumiaji hakuiorodhesha kalisi haidroksidi, programu haitaigundua.

La tatu ni gumu zaidi. Kalisi kaboneti ina maumbo zaidi ya moja ya fuwele. Takwimu zilizotumiwa hapa ni za kalsaiti, lakini matumbawe hai hujenga mifupa yao kwa aragoniti, ambayo hugeuka kuwa kalsaiti kwa muda mrefu au kwa kupashwa moto. Tofauti ya nishati kati yake ni ndogo na haibadilishi sana majibu ya hapo juu, ila katika mimenyuko mingine kuchagua umbo lisilo sahihi huharibu kila kitu. Mtumiaji asiyejua anachokichoma atachapa jina la kwanza analoliona kwenye orodha.

Kuhusu istilahi

Matini haya yametumia istilahi zipatazo ishirini. Baadhi zimekaa vizuri bila kusukumwa: mmenyuko, msawazo, kizigeu, lahajedwali. Nyingine zimekopwa na kuvishwa sauti za Kiswahili, kama enthalpi, entropi na moli, na hapakuwa na haja ya kuzitafutia mbadala kwa kuwa hata lugha zilizozipokea mapema zilizikopa. Ugumu umejitokeza mahali pasipotarajiwa, yaani penye maneno mawili kwa dhana moja. Msomaji wa Tanzania huenda akatarajia ‘kanieneo’ na ‘jotoridi’ mahali ambapo hapa pameandikwa ‘shinikizo’ na ‘halijoto’. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ila kamusi hiyo na vitabu vinavyotumiwa Kenya havikubaliani kila mara. Kwa mwanafasihi, visawe ni utajiri. Kwa anayeandika programu itakayomwonyesha mtumiaji maneno hayo kwenye kioo, ni lazima achague moja, na chaguo hilo halijafanywa kwa pamoja.

Lililokosekana kabisa ni neno moja fupi la ‘uwezo wa kubeba joto’. Maelezo hayo ya maneno manne yanaeleweka, lakini yakirudiwa mara kumi katika ukurasa mmoja huchosha.

Zoezi

Mwanafunzi anayetaka kuhakiki programu yake, iwe ya kununua au aliyoiunda mwenyewe, na aijaribu kwa mzunguko mzima wa chokaa. Jiwe huchomwa likawa chokaa kavu: +178.3. Chokaa humwagiwa maji, nayo huchemka na kufuka mvuke, ikawa kalisi haidroksidi, ambayo enthalpi yake ya uundaji ni −986.1 na ya maji −285.8: jibu ni −65.2. Kisha chokaa hupakwa ukutani, na kwa miezi na miaka hunyonya kaboni dayoksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, ikiyaachilia maji: −113.1. Tarakimu hizo tatu zikijumlishwa lazima zilete sifuri. Zisipoleta, asiilaumu kanuni ya Hess. Aanze kwa kukagua alama zake za kutoa.